Jinsi ya Kukokotoa Ukinzani wa Nyongeza wa Meli Katika Mawimbi

Meli inayosafiri kwenye maji tulivu hukabiliwa na msuguano wa maji kwenye mwili wake na gharama ya mawimbi inayoyatengeneza yenyewe. Ikiingia kwenye bahari iliyochafuka, kani inayoizuia huanza kupanda na kushuka kwa kila wimbi linaloipiga, lakini wastani wa kani hiyo haurudi kwenye thamani ya maji tulivu, bali hubaki juu yake. Tofauti hiyo ndiyo inayoitwa ukinzani wa nyongeza katika mawimbi. Kwa miaka mingi wabunifu waliifidia kwa kuongeza takriban asilimia 15 ya nguvu ya injini na kuendelea na kazi nyingine. Mazoea hayo yalianza kuhojiwa kwa ukali zaidi baada ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, kupitisha mwaka 2011 kipimo cha ufanisi wa nishati kwa meli mpya, kilichoanza kutumika mwaka 2013. Njia rahisi kuliko zote ya kukitimiza kipimo hicho ni kufunga injini ndogo, na meli yenye injini ndogo mno inaweza kushindwa kushika uelekeo wake katika dhoruba. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 2013 IMO ilitoa miongozo ya muda kuhusu nguvu ya chini kabisa ambayo meli inapaswa kuwa nayo, na kadirio la jumla la asilimia 15 likawa halitoshi kama jibu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhandisi au mwanafunzi ambaye tayari anaweza kukokotoa ukinzani wa maji tulivu na sasa anataka kuongeza mawimbi. Mifano mingi imechukuliwa kutoka KCS, meli ya makontena iliyobuniwa na taasisi ya utafiti ya KRISO ya Korea Kusini. Meli hiyo haikuwahi kujengwa kwa ukubwa wake halisi, lakini umbo lake limechapishwa wazi, na mifano yake midogo imepimwa katika matangi ya majaribio ya nchi mbalimbali, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kulinganisha hesabu zake na vipimo. Urefu wake kati ya nguzo ni m 230, upana m 32.2, kina cha kuzama m 10.8, na kasi yake ya usanifu ni noti 24, yaani m 12.35 kwa sekunde, ambayo ni sawa na namba ya Froude (kipimo cha kasi kulingana na urefu wa meli) ya 0.26.

Elewa kwanza unachokitafuta

Ukinzani wa nyongeza ni kani ya daraja la pili, kwa maana kwamba hukua kwa mraba wa amplitudo ya wimbi. Kimo cha wimbi kikiongezeka mara mbili, ukinzani huo huongezeka karibu mara nne. Kwa sababu hiyo matokeo huandikwa kwa kizigeu kisicho na kizio, C = R / (ρ g ζ² B² / L), ambapo R ni ukinzani wa nyongeza, ρ ni densiti ya maji, g ni mchapuko wa graviti, ζ ni amplitudo ya wimbi (nusu ya kimo chake), B ni upana wa meli na L ni urefu wake.

Makosa mengi katika kazi hii yanatoka kwenye fomula hiyo fupi, si kwenye programu. R hupatikana kwa kutoa namba moja kubwa kutoka namba nyingine kubwa, kisha tofauti ndogo inayobaki hugawanywa kwa mraba wa amplitudo. Ukidhani kwamba wimbi lililoifikia meli lilikuwa na amplitudo kamili kumbe limefifia kwa asilimia 5 njiani, kizigeu chako kitakuwa chini kwa karibu asilimia 10 hata kama kila kitu kingine kimekokotolewa sawasawa. Mambo mawili basi yachungwe tangu mwanzo hadi mwisho: unachokitoa, na unachogawanyia.

Pima wimbi kwa urefu wa meli

Kabla ya kuchagua mbinu, tafuta uwiano wa urefu wa wimbi kwa urefu wa meli, λ/L. Katika maji ya kina kirefu, urefu wa wimbi kwa mita ni takriban 1.56 mara mraba wa kipindi chake kwa sekunde. Wimbi la sekunde 7 lina urefu wa takriban m 76. Kwa meli ya mafuta ya m 320, hilo ni λ/L ya 0.24 tu; ili wimbi lilingane na urefu wa meli hiyo, kipindi chake kinapaswa kufika sekunde 14.3. Boti ya abiria ya m 40, mfano wa zile zinazovuka kati ya Dar es Salaam na Unguja, hulingana na wimbi la sekunde 5 pekee. Kwa hiyo bahari ileile inaweza kuwa ya mawimbi mafupi kwa chombo kimoja na ya mawimbi marefu kwa kingine.

Uwiano huu una uzito kwa sababu ukinzani wa nyongeza una vyanzo viwili. Wimbi likikaribia urefu wa meli, meli hupanda, hushuka na kuchovya omo kwa nguvu, na miendo hiyo hutengeneza mawimbi mapya yanayoondoka na nishati. Hapo ndipo kizigeu hufikia kilele, mara nyingi kwenye λ/L kati ya 1 na 1.2. Wimbi likiwa fupi kuliko takriban nusu ya urefu wa meli, meli karibu haisogei, na kinachobaki ni wimbi kugonga omo na kurudishwa lilikotoka. Meli zenye omo butu, kama za mafuta na za shehena kichele, huumizwa zaidi na chanzo hiki cha pili, nazo ndizo zinazotumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye mawimbi mafupi. Wengi huelekeza bidii yote kwenye kilele kwa kuwa ndicho kinachopendeza kwenye grafu, ilhali kwa meli ya m 320 bili ya mafuta huamuliwa zaidi upande wa kushoto wa grafu hiyo, yaani kwenye mawimbi mafupi.

Kumbuka pia kwamba meli inayosafiri haikutani na wimbi kwa frikwensi ya wimbi lenyewe. Kwa mawimbi yanayokuja moja kwa moja kwenye omo, frikwensi ya makutano ni ω + ω²U/g, ambapo ω ni frikwensi ya wimbi lenyewe (2π kugawanywa kwa kipindi chake) na U ni kasi ya meli. Kwa KCS yenye kasi ya noti 24 na λ/L ya 1.15, wimbi lina urefu wa m 264.5 na kipindi cha sekunde 13.0, lakini meli hukutana nalo kila baada ya sekunde 8.1. Kipindi hiki cha pili ndicho kitakachotawala hatua za muda za hesabu yako.

Anza na fomula rahisi

Hata kama lengo lako ni hesabu kubwa, anza na jibu la haraka ili uwe na kitu cha kulinganisha. Kwa mawimbi ya mbele na meli isiyopanda na kushuka sana, fomula ya STAWAVE-1, inayotumika kusahihisha majaribio ya kasi ya meli mpya baharini, husema R = (1/16) ρ g H² B √(B/Lb). Humo H ni kimo cha mawimbi cha maana, yaani wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, na Lb ni urefu wa sehemu ya omo kwenye mstari wa maji hadi pale upana unapofikia asilimia 95 ya upana mkubwa. Meli yenye upana wa m 58 na Lb ya m 45, katika mawimbi ya m 2, hupata takriban kN 166. Fomula hii hutumika pale H isipozidi 2.25√(L/100), yaani karibu m 4 kwa meli ya m 320, na mawimbi yakiwa ndani ya nyuzi 45 kutoka omo. Haijui kasi ya meli wala umbo la chini ya maji, kwa hiyo ichukuliwe kama kipimo cha akili timamu na si zaidi.

Nadharia ya vipande

Hatua inayofuata ni kuikata meli kwa mawazo kuwa vipande 20 hadi 40 kuanzia omo hadi tezi, kukokotoa masi ya ziada (maji yanayosukumwa pamoja na kipande) na ufifishaji (nishati inayopotea kwa mawimbi) wa kila kipande, kisha kuviunganisha ili kupata miendo ya meli nzima. Utaratibu uliowekwa na Salvesen, Tuck na Faltinsen mwaka 1970 bado ni msingi wa programu nyingi za aina hii, na PDSTRIP ni mojawapo ya zile zinazopatikana bila malipo. Kompyuta ya kawaida hukamilisha frikwensi zote katika muda mfupi mno.

Ukishapata miendo, ukinzani hutoka kwenye njia ya Gerritsma na Beukelman wa Delft, ya mwaka 1972, inayolinganisha kazi ya ukinzani na nishati inayochukuliwa na mawimbi yanayotoka melini: R = (k / 2ωe) ∫ b′ V² dx. Hapa k ni namba ya wimbi, 2π/λ, ωe ni frikwensi ya makutano, V ni amplitudo ya kasi ya wima ya maji ikilinganishwa na kipande husika, na b′ ni ufifishaji wa kipande baada ya kutoa U mara badiliko la masi ya ziada kwenye urefu wa meli. Kipengele hicho cha mwisho kinahitaji uangalifu: badiliko la masi ya ziada huwa kali kwenye omo na tezi, na vipande vikiwa vichache huko, b′ huruka ovyo. Weka vipande vingi kwenye ncha na vichache katikati.

Linganisha kwanza miendo na vipimo, kisha ndipo uangalie ukinzani. Kwa kuwa V imo kwa mraba, kosa la asilimia 10 katika mwendo wa omo ni kosa la asilimia 20 hivi katika ukinzani, na hakuna marekebisho ya baadaye yatakayolificha. Kwenye mawimbi mafupi njia hii hutoa thamani ndogo kupita kiasi, kwa sababu inaona nishati inayotoka kwa miendo tu na haioni wimbi linalorudishwa na omo. Dawa ya kawaida ni kuongeza sehemu ya mawimbi mafupi, kwa fomula ya Fujii na Takahashi ya mwaka 1975 au ile ya Faltinsen na wenzake ya mwaka 1980. Kwa maoni yangu, mchanganyiko huo unatosha kabisa katika hatua za mwanzo za usanifu, na anayeudharau mara nyingi hajawahi kulipia saa za kompyuta kubwa.

Mbinu ya paneli

Pale umbo la omo linapokuwa na maana, au mawimbi yanapokuja kwa pembe, mwili wa meli hufunikwa kwa paneli ndogo na mtiririko usio na mnato hutatuliwa katika vipimo vitatu. Jambo la kuangalia kwanza ni kasi. Programu huria kama NEMOH na Capytaine zimejengwa kwa vyombo visivyosafiri, kama majukwaa ya baharini; kani ya wastani inayotoka humo si ukinzani wa meli inayokwenda noti 24, hata kama jedwali la matokeo linafanana. Kwa meli inayosafiri hutumiwa paneli za aina ya Rankine, ambazo hufunika pia sehemu ya uso wa bahari kuizunguka meli.

Kani hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza, inayotokana na kazi ya Maruo ya mwaka 1957, hupima mawimbi yaliyo mbali na meli na kukokotoa mwendo-kani (masi mara kasi) unaobebwa nayo. Ya pili hujumlisha shinikizo moja kwa moja kwenye mwili. Katika hii ya pili, sehemu kubwa hutoka kwenye ukanda mwembamba wa mstari wa maji, ambako maji hupanda na kushuka kwenye ubavu, nazo sehemu nyingine, zikiwamo mraba wa kasi na mzunguko wa meli, huja na alama tofauti na kufutana kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana miendo inaweza kutulia mapema huku ukinzani ukiendelea kubadilika kila unapoongeza paneli. Ongeza paneli kwenye omo na karibu na mstari wa maji hadi ukinzani wenyewe utulie, usiridhike na miendo pekee. Programu yako ikiwa na njia zote mbili, tumia zote: zikitofautiana sana, wavu wako, yaani mpangilio wa paneli, bado haujawa tayari.

Hesabu kamili ya mtiririko wenye mnato

Njia ghali zaidi ni kugawa maji na hewa kuizunguka meli katika wavu wa seli ndogo na kutatua milinganyo ya RANS, yaani ya mtiririko wenye mnato ambao msukosuko wake umechukuliwa kwa wastani, pamoja na uso huru wa maji, kwa kufuatilia kiasi cha maji kilichomo ndani ya kila seli, utaratibu unaojulikana kwa kifupi kama VOF. OpenFOAM inaweza kufanya kazi hii bila leseni ya kulipia. Faida yake ni kwamba huona wimbi likivunjika kwenye omo na meli ikichovya omo kupita mstari wake wa maji, mambo ambayo nadharia za kimstari hazina namna ya kuyaona.

Chukua mfano mdogo wa KCS wenye urefu wa m 6.07, uliopunguzwa mara 37.9. Kasi yake ni takriban m 2.0 kwa sekunde. Kwa λ/L ya 1.15 na kimo cha wimbi kilicho 1/60 ya urefu wa wimbi lenyewe, wimbi lina urefu wa m 6.98 na kimo cha mm 116. Weka seli 80 hadi 100 kwa urefu wa wimbi na 16 hadi 20 kwa kimo chake, na upate seli za takriban sm 7 kwa mlalo na mm 6 kwa wima, ambazo kompyuta ya kawaida ya kazi inaweza kuzibeba. Kipindi cha makutano ni sekunde 1.32; ukikigawa katika hatua 250, kila hatua ni sekunde 0.005 hivi.

Sasa badilisha wimbi liwe la λ/L ya 0.2. Urefu wake ni m 1.21, kimo chake mm 20 tu, na seli za wima zinapaswa kuwa za mm 1. Kizigeu kikiwa 3, ukinzani wa nyongeza ni N 0.36, ilhali ukinzani wa maji tulivu wa mfano huo uko kwenye kiwango cha N 50. Kosa la asilimia 1 katika hesabu ya maji tulivu litaumeza ukinzani wote wa nyongeza na kubakisha chenji. Hesabu ya maji tulivu kwa hiyo ifanywe kwa wavu uleule, hatua ileile ya muda na mipangilio ileile. Kuchukua thamani ya maji tulivu kutoka kwenye ripoti nyingine au wavu mwingine ni kuharibu kazi kabla haijaanza. Kama mkoba hauruhusu wavu wa namna hiyo, tumia fomula za mawimbi mafupi kwenye eneo hili na uiachie RANS eneo la kilele.

Kabla ya kuweka meli, endesha hesabu ya bahari tupu kwa wavu huohuo. Weka vipimo vya kimo cha maji mahali ambapo omo itakuwa, na usome amplitudo halisi baada ya vipindi kadhaa. Amplitudo hiyo, wala si ile uliyoandika kwenye faili la mipangilio, ndiyo itakayoingia kwenye kizigeu. Wimbi likififia zaidi ya asilimia 2 au 3, chunguza kwanza njia inayotumika kukadiria badiliko kutoka hatua moja ya muda hadi nyingine, kwa maana makadirio ya daraja la kwanza hula wimbi. Katika OpenFOAM, chaguo la CrankNicolson lenye uzito wa 0.9 huhifadhi wimbi vizuri kuliko Euler, ambalo ni la daraja la kwanza. Mlango wa mawimbi uwe mbele ya omo kwa umbali wa urefu mmoja wa meli au zaidi, na nyuma ya tezi pawe na ukanda wa kufifisha wenye urefu wa wimbi moja hadi mawili, ili mawimbi yasirudi na kuipiga meli mara ya pili. Kwa mawimbi ya mbele, nusu ya meli inatosha, na meli iruhusiwe kupanda, kushuka na kuchovya omo.

Wastani nao una utaratibu wake. Tupa vipindi vya mwanzo hadi miendo itulie, kisha chukua wastani wa idadi kamili ya vipindi vya makutano. Ukichukua vipindi 5.3 badala ya 5, sehemu ya ziada inaweza kuacha kosa la karibu asilimia 4 ya amplitudo ya kani inayopanda na kushuka. Hiyo inasikika kuwa ndogo, lakini amplitudo hiyo ikiwa mara 10 ya ukinzani wa nyongeza, kosa limeshakuwa asilimia 40. Kokotoa wastani wa kila kipindi peke yake na uangalie kama thamani zinafuatana bila kuelea juu au chini. Hatimaye rudia kazi kwa nyavu tatu zinazotofautiana kwa uwiano wa √2, na uripoti jinsi ukinzani wa nyongeza, si ukinzani wa jumla, unavyobadilika kati yake. Ukinzani wa jumla daima utaonekana kuwa umetulia.

Kutoka mawimbi sare hadi bahari halisi

Bahari haina wimbi moja, lakini kwa kuwa kani inafuata mraba wa amplitudo, michango ya frikwensi mbalimbali inaweza kujumlishwa: R̄ = 2 ∫ S(ω) (R(ω)/ζ²) dω, ambapo S ni wigo wa mawimbi, yaani mgawanyo wa nishati ya bahari kwa kila frikwensi. Kwa bahari ya wazi tumia wigo wa Bretschneider, na kwa eneo ambalo upepo haujapata umbali wa kutosha wa kuikuza bahari tumia JONSWAP. Kilele cha kizigeu ni chembamba, hivyo weka frikwensi nyingi kukizunguka, na usikate mkia wa mawimbi mafupi. Kwa meli kubwa katika mawimbi ya sekunde 7 au 8, mkia huo ndio karibu hesabu yote. Rudia pia kwa pembe kadhaa, kwa kuwa mawimbi yanayokuja nyuzi 30 kutoka omo hayana lazima ya kuwa mepesi kuliko yale ya mbele.

Ukinzani wa wastani wa kN 200 kwa kasi ya m 12.35 kwa sekunde hudai MW 2.5 za kuisukuma meli, na kwa ufanisi wa jumla wa 0.7 huwa MW 3.5 kwenye shafti. Ufanisi huo wenyewe hushuka rafadha inapobebeshwa mzigo zaidi, kwa hiyo usome upya kwenye mchoro wa rafadha badala ya kuushikilia ule wa maji tulivu. Injini isipoweza kutoa nguvu hiyo, meli hupunguza kasi, na kasi ikipungua frikwensi ya makutano na vizigeu vyote hubadilika. Kokotoa basi vizigeu kwa angalau kasi tatu, vitie kwenye jedwali, na utafute kati yake kasi ambayo msukumo wa rafadha unalingana na jumla ya ukinzani wa maji tulivu, wa upepo na wa mawimbi.